Jibu la swali lako la Vienna

Binti yangu mpenzi,

Natumai u mzima na masomo yanakwenda vyema. Huku sote wazima. Mama yako anakusalimu sana.

Nina deni lako la jibu, la miaka minne, tangu siku ile tuliyozunguka Vienna, mji mkuu wa Austria, tulipokwenda kwa shangazi yako.

Unakumbuka tulianza na Stephansdom, kanisa kuu la Mtakatifu Stefano? Ulizihesabu ngazi za mnara wa kusini kwa sauti mpaka ya 343, mimi nyuma yako nimembeba mdogo wako mgongoni. Kutoka kule juu tuliliona paa la vigae vya rangi, zigizaga juu ya zigizaga, ukasema ni kama mkeka wa bibi. Tuliposhuka, uwanjani walisimama vijana waliovaa mawigi meupe na makoti marefu kama ya Mozart, yule mtunzi wa muziki wa karne ya 18, wanauza tiketi za muziki. Ukamtazama mmoja wao kwa muda, kisha ukaniuliza: "Baba, enzi za Mozart watu weusi kama sisi walikuwepo hapa?"

Nikakujibu, "Sidhani, mwanangu," nikakushika mkono tuwahi kasri la Schönbrunn, ambako Mozart alipiga kinanda mbele ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwaka 1762, akiwa na miaka sita tu.

Nilikujibu bila kujua. Walikuwepo. Mmoja wao alifunga ndoa ndani ya kanisa lile lile tulilotoka, mwaka 1768, miaka 14 kabla Mozart hajafunga yake humo humo. Aliitwa Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika karibu na mwaka 1721, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akafikishwa Sicily. Huko Vienna alitumikia nyumba ya wakuu wa Liechtenstein, na baadaye akawa mwalimu wa mtoto wa nyumba hiyo. Alizungumza lugha kadhaa. Alikuwa katika chama cha Wafrimasoni, udugu wa faragha wa wanaume, pamoja na wasomi wa mji, na Mozart naye alihudhuria vikao vyao.

Yanayofuata nilisita kukuandikia. Lakini sasa una miaka 15, na swali ni lako.

Soliman alifariki Novemba 1796. Ngozi yake ilichunwa, ikavalishwa kwenye umbo la mtu, wakampamba kwa manyoya ya ndege na makombe ya baharini, wakamweka katika makumbusho ya Kaisari pamoja na wanyama waliokaushwa. Mtu aliyefundisha watoto wao! Binti yake, Josephine, aliomba arudishiwe baba yake amzike. Kanisa nalo lilipinga. Hawakusikilizwa. Soliman alibaki pale hadi mwaka 1848, mapigano ya mapinduzi yalipoleta moto uliomteketeza.

Nilisoma habari hizi usiku, wenzangu wamelala. Nilipofika kwa Josephine sikuweza kuendelea. Nikaenda nikakaa kitandani kwako. Fidla yako ndogo, ile ya kwanza, bado iko juu ya kabati.

Sitaki uache kuupenda muziki wa mji ule. Jioni ile tulipata tiketi za kusimama katika Opera ya Taifa, miguu imechoka, nawe ulipozisikia fidla zote zikianza kwa pamoja ulinibana mkono mpaka ukaniuma. Nilikuona, mwanangu. Upende vile vile. Ila ujue pia nani alikuwa akipita katika mitaa ile siku muziki ule ulipokuwa mpya, na walimfanya nini.

Shangazi yako ametualika tena Desemba. Tukijaliwa kufika, kabla ya matembezi mengine nataka tuingie Stephansdom, tuwashe mishumaa miwili, mmoja wa Soliman na mmoja wa Josephine, tuwaombee kwa majina yao. Halafu tupande mnara. Mdogo wako safari hii atapanda kwa miguu yake, na ameshaanza kujizoeza kuhesabu hadi 343.

Nakupenda sana.

Baba yako