Mwanangu, Usiyaache Matunda Yote

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako amenieleza kwamba tangu daktari akwambie una IBS, ule ugonjwa wa utumbo mwepesi kuhisi, hugusi tunda lolote, na kwamba siku nzima unashinda kwa chai na mkate. Habari hiyo imeninyima usingizi kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu ugonjwa huo husokota na kujaza gesi lakini hauharibu utumbo, ilhali kuishi bila matunda kutakudhoofisha. Tena huo mkate wa ngano unaoukimbilia nao huweza kukuchachukia vilevile.

Matunda yanayokusumbua ni machache. Embe, tikiti maji na tufaha yana sukari ambazo utumbo mdogo haumalizi kuzifyonza, zikateremka zikivuta maji, na bakteria wa utumbo mpana wakizichachua hutoa gesi. Utumbo wako ni mwepesi kuhisi, basi wewe unajikunja kwa maumivu pale ambapo kaka yako hujamba tu akaendelea na shughuli zake, nami nikabaki kumkemea. Machungwa, nanasi, papai na pasheni hayawasumbui wengi. Ndizi mbivu kula ile ambayo bado ngumu kidogo, si iliyokwisha kuingia madoa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliovipima vyakula hivi, hushauri kupunguza vinavyochachuka kwa wiki 2 hadi 6, kisha kuvirudisha kimoja kimoja, wala hawasemi uviache maisha. Wewe uliyekuwa ukinisahihisha hesabu za duka ungali mwanafunzi wa msingi, unashindwaje kuandika daftarini ulichokula na kilichofuata? Kula tunda moja, upitishe saa kadhaa kabla ya jingine, na usikamue juisi, kwani glasi moja humeza machungwa matatu bila wewe kujua.

Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au tumbo likikuamsha usiku, nenda hospitali kwanza, kisha ndipo unipigie simu.

Paa la jiko linavuja tena, na baba yako anasema atalishughulikia mvua zikikatika, kama alivyosema mwaka jana. Kiroba cha machungwa nitakipakia kwenye basi la Dodoma Ijumaa. Mgawie shangazi nusu, naye asikubembeleze kwa embe. Lakini narudia, mwanangu: usiyagawe yote. Menya moja siku hiyohiyo, ule, kisha uniambie tumbo limesemaje.

Mama yako