Msimbo uliochapishwa usihesabiwe silaha

Mhariri,

Wanaotaka programu za usimbaji fiche, yaani za kuficha ujumbe usisomwe na asiyehusika, zibanwe tena mipakani kana kwamba ni silaha wakumbuke ya Marekani. Mwaka 1994 Wizara ya Mambo ya Nje ya huko iliruhusu kitabu chenye misimbo, yaani maandishi ya programu hizo, kupelekwa nje, ila ikazuia disketi yenye misimbo ileile. Aliyeko ng'ambo alinunua kitabu, akaketi kwenye kompyuta na kuichapa upya. Kwa hiyo ulizuiwa uhalifu gani? Aliyeumia ni mwalimu kama Profesa Peter Junger, aliyelazimika kwenda mahakamani ili awe huru kuchapisha anachofundisha. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba msimbo unalindwa na katiba. Ulinzi huo usiguswe.

Msomaji,
Dar es Salaam