Ratiba yako ya mafunzo

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, natumai nanyi ni wazima. Ratiba ya kuwafundisha wauguzi kutoa dawa za saratani nimeisoma, na jambo moja limenikaa rohoni: aina za saratani umezipa siku nzima, kanula, yaani kile kimrija kinachowekwa mshipani, saa moja. Geuza, tafadhali. Aina za saratani watazisoma wenyewe jioni. Mshipa hausomwi kitabuni.

Anza na doksorubisini na vinkristini, dawa za saratani zinazounguza nyama zikivuja nje ya mshipa. Kanula iwe mpya, kwenye kigasha, mbali na kiwiko na kifundo, maana kwenye kiungo dawa hufikia kano kabla uvimbe haujaonekana. Wakikosa mshipa mara ya kwanza, wahamie mkono mwingine au juu ya pale, upande wa begani. Wakitoboa chini yake, dawa itatokea kwenye tundu la kwanza. Na bandeji isifunike ngozi ya pale, ili uvimbe uonekane.

Doksorubisini ikisukumwa kwa bomba la sindano, dripu ya chumvi iwe inashuka pamoja nayo, na kila mililita 2 hadi 5 wavute kidogo waone damu. Damu ikirudi bado wasitulie: wamuulize mgonjwa kama panaunguza. Wamwambie pia mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, asije akadhani ni damu.

Ikivuja, wasimamishe mara moja, lakini kanula wasiing'oe! Hofu huwafanya waing'oe, kumbe ndiyo njia ya kunyonya dawa iliyobaki. Wanyonye kwa bomba tupu, ndipo waitoe, wachore mpaka wa wekundu kwa kalamu, wainue mkono, wamwite daktari. Wasisugue. Doksorubisini huwekewa baridi, vinkristini joto la kiasi ili isambae. Watu huyakosea hayo mawili, basi yabandike ukutani.

Vinkristini isitoke famasia ndani ya bomba. Kwa mtu mzima iwe kwenye kimfuko cha dripu cha mililita 50, ambacho hakuna atakayekidhania dawa ya uti wa mgongo. Ikiingia huko inaua. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo tangu 2007. Muuguzi abaki kando ya kitanda mpaka iishe.

Vipimo vya dozi: wauguzi wawili, kila mmoja apige hesabu yake bila kumchungulia mwenzake. Urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili: hilo ndilo eneo la mwili kwa mita za mraba, ambalo dozi huhesabiwa kwalo. Uzito ni wa siku hiyo, si wa mwezi uliopita. Homa ya nyuzi 38 isitulizwe kwa parasetamoli mgonjwa akarudishwa kulala: damu ipimwe, antibiotiki ianze ndani ya saa moja. Wakishika mkojo na matapishi ya mgonjwa, wavae glavu kwa saa 48 angalau baada ya dawa, na ndugu wanaomuuguza waambiwe vivyo hivyo.

Narudi kwenye kanula. Ipe saa tatu, mbili kati yake za mazoezi ya mikono kwa maji ya rangi.

Mna mkono wa plastiki wa kujifunzia? Sista Agnes amekubali kuwasimamia kitandani, au ataishia darasani? Wa zamu ya usiku watafundishwa lini, maana dripu za sisplatini, ile dawa nyingine ya saratani, huvuka usiku? Muuguzi mwenye mimba umempangia kazi gani? Na lile kabati la kuchanganyia dawa, limeshatengenezwa?

Nijibu kabla hujaichapa ratiba.

Wako,
Rehema