Barua kwa somo: kabla hujatoa dola zako kwa darubini

Katuba, Lubumbashi

Somo yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata jana usiku. Unasema umeiona darubini pale soko Mzee Kabila, imeandikwa 30x60, lenzi zake zinang'aa nyekundu, na muuzaji amekuapia kwamba inaona mpaka Zambia. Nakuomba, somo, usitoe hata dola moja kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho. Darubini ya namna hiyo nimewahi kuwa nayo.

Jambo hili sijakusimulia, na nyumbani ni mama watoto peke yake anayelijua. Ilikuwa Septemba, msituni kando ya njia ya Kasenga, wakati moto umeshapita na moshi umelala juu ya majani. Jua lilikuwa limezama. Mbele yangu, mita themanini hivi, nikaona mgongo mweusi umeinama, unakwenda kushoto, unarudi kulia, kama nguruwe mwitu anayechimbua mizizi. Nikainua darubini yangu, 20x50, nyekundu kama hiyo yako. Picha ikatetemeka, rangi zote zikawa za kijani cheusi. Nikatazama dakika nzima. Jicho likaniambia nguruwe. Risasi ilikuwa tayari ndani ya bunduki, na nilikuwa nimeshaanza kuinyanyua, ndipo yule nguruwe akasimama wima, akashika kiuno, akakohoa. Alikuwa mchoma makala, yaani makaa, anafukia tanuri lake kwa udongo.

Niliketi chini nikatoa risasi, mikono ikinitetemeka. Baadaye tulisalimiana, akanipa maji ya kunywa. Mpaka leo hajui.

Kwa hiyo ukiniuliza darubini gani inaona mbali, mimi nasikia swali lingine: nitajuaje ninachokitazama kabla kidole hakijagusa chuma? Wachoma makala wamejaa msituni kwetu, na saa yao ya kazi ni saa yetu ya kuwinda.

Tuanze na hizo namba. Ya kwanza ni mara ngapi picha inakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji wanapenda namba ya kwanza iwe kubwa kwa sababu mnunuzi huvutwa nayo. Lakini ukikuza picha mara 30, unakuza pia mtetemeko wa mkono wako mara 30, na pumzi yako, na mapigo ya moyo baada ya kupanda kilima. Kwa mkono mtupu, mara 8 ni starehe, mara 10 ni mwisho kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Mimi nakuambia 8x42, wala sisiti. Miti yetu imebanana. Mara nyingi unatazama mita hamsini, mita mia, kupitia matawi. Darubini ya 8x42 hukuonyesha uwanja wa mita 13 hivi kwa umbali wa mita 100, ya mara 10 karibu mita 11, na hiyo ya mara 8 haikulazimishi kuirekebisha kila mnyama anaposogea hatua mbili. Kumbuka pia kwamba pongo hajitokezi mzima. Utaona sikio, au mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama, au jicho. Unahitaji upana ili ukipate hicho kipande, halafu utulivu ili ujue kama ni jike au dume.

Sasa mwanga, na hapa ndipo penye kazi yote. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5 na kidogo. Huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Jioni mboni ya jicho hupanuka kufikia milimita 5, kwa kijana hata 7. Hiyo 30x60 inakupa milimita 2 tu! Mchana hutaona kasoro. Saa kumi na mbili jioni utakuwa unatazama kupitia tundu la sindano. Na ile rangi nyekundu inarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo kahawia ya mnyama na kahawia ya shati la mtu vyote huwa cheusi kimoja. Hicho ndicho kilichonipata mimi.

Ukiwa dukani, usiijaribu ukiwa umesimama ndani. Toka nje nayo. Ishike mbali na uso, ielekeze mbinguni, utaona yale maduara mawili ya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Yakiwa mviringo safi, prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni nzuri. Yakiwa yamekatwa pembeni kama mraba wa kijivu, rudisha. Kisha iinamishe chini ya taa uangalie lenzi za mbele: zilizopakwa dawa vizuri hurudisha mwanga hafifu wa kijani au zambarau, zisizopakwa hurudisha mweupe kama kioo cha dirisha. Halafu elekeza kwenye bomba la moshi la kampuni ya madini, Gécamines. Ukingo wake dhidi ya anga unatosha kufichua kila kitu. Ukiona uzi mnene wa zambarau umeufuata ukingo huo juu mpaka chini, vioo ni vya hali ya chini. Mwisho, tazama waya wa umeme huku unaisogeza darubini polepole mbali na macho. Waya ukigawanyika, mmoja juu na mwingine chini, mapipa yake hayako sawa, itakuumiza kichwa kabla ya saa moja kwisha.

Wewe unavaa miwani, usisahau kuivaa siku ya kununua. Uliza umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya kioo cha nyuma na jicho ambayo bado unaona picha nzima, usikubali chini ya milimita 15. Vikombe vya mpira vishushwe, na bado uione duara nzima. Kurekebisha, wengi hukosea: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka la kushoto lione vizuri, kisha funga la kushoto, na kwa la kulia zungusha pete yake tu, gurudumu usiliguse tena.

Majina makubwa kama Zeiss, Swarovski na Leica ni bei ya pikipiki na zaidi. Nikon au Vortex ya kati inatutosha, hata iliyotumika, ila jina lisikutoshe, maana jina huchapwa popote. Itafute iliyojazwa gesi kavu ya naitrojeni, isiyoingiza maji. Masika yetu huotesha kuvu juu ya kioo kama nyuzi za buibui, na zikishaingia hazitoki. Nyumbani ihifadhi pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

Na kama bunduki yako ina darubini juu yake, usiitumie kutafutia. Ukimtazama mtu kwayo, mtutu nao umemtazama.

Kibali chako na orodha ya wanyama wasioguswa katika sheria ya uwindaji ya 1982, hayo unayajua kuliko mimi. Njoo Jumamosi mchana. Tutazunguka madukani pamoja, na muuzaji atakayekataa tusimame nje na mali yake mpaka giza liingie, tutampita. Leta ile miwani mpya, si ya zamani iliyofungwa uzi. Mama watoto atapika bukari na samaki wa Luapula, utalala kwetu.

Msalimie mama na watoto.

Ni mimi, somo yako