Kitabu cha konsetina: tusinunue kwa pupa

Jamani, habari za jioni. Kabla hamjalipia kitabu, hakikisheni ni cha konsetina (kile kinanda kidogo cha mkononi cha kusukuma na kuvuta) ya Kiingereza, ile iliyobuniwa na Wheatstone. Mimi niliwahi kuagiza cha Anglo, aina nyingine ya konsetina, kwa kutazama jalada tu, pesa ikaenda. Kwenye Anglo, kitufe kimoja hutoa sauti mbili: ukisukuma hii, ukivuta nyingine. Yetu ya Kiingereza sauti haibadiliki.

Fungueni kwanza ukurasa wa mchoro wa vitufe. Nyingi za aina yetu zina 48, lakini wenye zile ndogo za 30 mlinganishe na yenu kitufe kwa kitufe.

Halafu noti. Kwenye yetu, noti zinazoandikwa kwenye mistari ziko mkono mmoja, za nafasi kati ya mistari mkono wa pili, kwa hiyo ngazi ya muziki inarukaruka kushoto, kulia, kushoto. Kitabu kinachokufundisha kusoma hivyo tangu mwanzo ndicho ninachokitaka, hata kama nyimbo zake ni chache.

Chenye uti wa waya ni bora, maana kinalala wazi na mikono yote miwili iko kazini. Anayetaka kuagiza aniandikie kabla ya Ijumaa, tuagize pamoja.