Mwanangu, kuhusu ile laptopu

Mzee wa Nyegezi, vipi hali? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Dar tupo, joto ndo linatumaliza na foleni kama kawaida. Voisi yako niliisikiliza nikiwa kwenye daladala, nikaona swali lenyewe sio la kujibiwa kwa meseji mbili, ndo maana leo nimekaa nikuandikie kwa kirefu. Umeuliza ununue refabishi, yaani laptopu iliyotumika ikakarabatiwa, sasa hivi kwa hiyo laki nane yako au uvumilie matoleo mapya yatoke ili za zamani zishuke bei. Mi nasema nunua. Ila uelewe kwa nini, na uelewe ipi, maana ukienda Kariakoo kichwa kichwa utarudi na kimeo.

Kwanza hiyo hesabu ya kusubiri toleo jipya ni ya watu wanaonunua mpya dukani. Chukulia watu wa Apple: Machi 2025 MacBook Air yenye chipu ya M4 ilipotoka ilianzia dola 999, wakati ile ya M3 kabla yake ilianzia 1,099, kwa hiyo aliyenunua Februari kaumia na aliyevumilia kidogo kacheka. Sawa, huko kusubiri kunalipa. Wewe sasa hununui huko. Wewe unanunua mashine iliyokuwa mezani kwa mhasibu wa kampuni fulani Ujerumani au Uingereza, wameitumia miaka mitatu minne, mkataba umeisha wakazitoa zote kwa mkupuo, zikauzwa kwa jumla, nyingi zikapitia Dubai ndo zikatufikia sisi. Toleo jipya likitangazwa leo Marekani winga wa Kariakoo wala hashtuki, yeye bei yake inategemea kontena limekuja na nini na dola imekaaje. Hilo toleo la mwaka huu litamhusu baada ya miaka mitatu minne, maofisi ya huko yakishalichoka. Ndo maana hizi zenye prosesa ya Intel ya jenaresheni ya 11 (yaani kizazi cha 11), ambazo maofisi walianza kuzinunua 2021, ndo kwanza unaanza kuziona nyingi mtaani kwetu.

Halafu kuna jambo lingine ambalo wale jamaa wa YouTube unaowaangalia huenda hawajalisema. Zamani tulizoea kwamba ukisubiri, bei ya kompyuta inashuka tu yenyewe. Kipindi hiki sio hivyo. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, ile memori ambayo kompyuta inafanyia kazi, imepanda vibaya sana, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza memori duniani ni vichache, Samsung, SK Hynix na Micron ndo wakubwa, na wote wamegeuzia nguvu kwenye memori za mitambo ya akili bandia maana ndo kwenye hela. Micron mpaka ikatangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na Crucial, ile chapa yake ya RAM na SSD (diski za kuhifadhia mafaili) tunazonunua sisi watu wa kawaida. Sasa RAM ikipanda laptopu mpya nayo inapanda, au inakuja na bei ileile lakini wamekubania memori. Kwa hiyo hiyo mvua unayoisubiri inaweza isinyeshe, na huku masomo yako ya masta yanaanza na unaendelea kuacha hela steshenari kila wiki kwa kutaipiwa kazi ambazo ungetaipu mwenyewe umekaa nyumbani.

Na usije ukaniambia basi bora mpya ya bei hiyohiyo, najua ndo kitu shemeji atakachosema. Mpya nyingi za bei hiyo ni zile zenye prosesa dhaifu ya Celeron, mfano N4020, RAM GB 4 na nafasi kiduchu ya kuhifadhia mafaili, kava limeng'aa na ina stika zake zote lakini ukifungua Excel na Zoom kwa pamoja inaanza kupumua kwa shida. Mashine ya ofisi ya miaka sita iliyopita inaiacha mbali, kibodi nzuri zaidi, bawaba ngumu, na ikiharibika fundi yeyote anaijua.

Sasa hapa ndo nataka uwe makini. Utakapoingia sokoni utashangaa kuna laptopu za bei chee kweli, EliteBook 840 G3 ya HP, ThinkPad T460 ya Lenovo, zinapendeza, na muuzaji atakwambia kwa kujiamini kabisa, "bro hii ni Core i7". Usimsikilize. Muulize jenaresheni. Angalia namba yenyewe baada ya i5 au i7: ikiandikwa i7-6600U hiyo ni ya 6, ikiandikwa i5-8250U hiyo ni ya 8. Na hiyo i7 ya 6 ina core mbili tu, yaani vile viini vya prosesa vinavyofanya kazi, wakati hiyo i5 ya 8 ina core nne, kwa hiyo hilo neno i7 peke yake halina maana yoyote. Zimekuwa chee kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena apdeti za bure za kawaida, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia jenaresheni ya 8. Maofisi ya Ulaya yamezitupa, zimejaa sokoni, wauzaji nao wanataka ziondoke. Fundi anaweza kukulazimishia Windows 11 kwa ujanja, ndio, itawaka na itafanya kazi, lakini Microsoft wenyewe hawaitambui na apdeti kubwa ikija utaanza kumtafuta tena huyo fundi. Kwa mtu wa kucheza muziki kwenye baa haina shida. Kwako wewe mwenye tasnifu na matokeo ya wanafunzi, hapana.

Kwa hiyo kuanzia ya 8 kwenda juu. Mi ningekuchagulia ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, zote za 2018, zote zina sloti mbili za RAM ambazo unafungua na kubadilisha mwenyewe. T480 ndo naipenda zaidi kwa mazingira yetu kwa sababu ina betri mbili, moja iko ndani na nyingine nyuma unaichomoa kwa mkono, na unaweza kuichomoa hata mashine ikiwa imewaka, ile ya ndani inaishikilia. Umeme ukikatika katikati ya kazi unachomeka betri nyingine unaendelea. Kwenye hizi mpya nyembamba husikii kitu kama hicho. Ila kama utapata T14 ya jenaresheni ya 10 kwa nyongeza ndogo chukua, ujue tu kwamba hiyo RAM moja imechomelewa kwenye bodi, imebaki sloti moja. Na vyovyote iwavyo chukua ambayo tayari ina GB 16, usikubali ule wimbo wa "chukua ya 8 halafu utaongeza baadae", kwa bei za RAM za sasa hiyo baadae itakutoa jasho.

Neno refabishi lenyewe pia lisikudanganye. Maana yake halisi ni mashine imekaguliwa, data imefutwa, kilichochoka kimebadilishwa, ikapimwa tena. Mtaani kwetu kuna wanaofanya hivyo kweli na kuna wanaopitisha kitambaa chenye spiriti juu ya kava wakabandika stika mpya, basi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, inabidi uipime. Mimi kwa kazi zangu za ofisini kila mashine inayoingia naanza na betri: unafungua ile Command Prompt, unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea faili. Ndani utaona betri ilivyokuwa mpya ilikuwa inabeba kiasi gani na sasa ikijaa inabeba kiasi gani. Kwenye hiyo 840 G5 ilitakiwa iwe karibu mWh 50,000, ukikuta 22,000 ujue hapo nusu imeshaondoka na zaidi, chaji itakuwa ya kutoka sebuleni kwenda chumbani. Sio lazima uiache, ila hapo ndo pa kukata bei, mwonyeshe hiyo namba, wengi hawategemei mteja anajua.

Kingine ambacho kinawaumiza sana watu ni loki. Mashine za kampuni wakati mwingine zinaondoka na kamba ya mwenye nayo. Muuzaji amekuwekea Windows, inafunguka vizuri, siku unaamua kuisafisha uanze upya, unaiunganisha na intaneti, inakuja skrini imeandikwa jina la kampuni ya huko inataka imeili ya kazini kwao. Hapo imekwisha. Kwa hiyo omba wairiseti mbele yako na waiunganishe na hotspoti ya simu yako, ukiona inakuomba akaunti ya kawaida tu uko salama. Na ingia baiosi (BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uone kama ina paswedi, kwenye ThinkPad ile paswedi ya msimamizi kuitoa ni kazi pevu. Kama watakataa kuiriseti kwa kisingizio kwamba inachukua muda, wewe muda unao, kaa kwenye kiti, kunywa soda.

Yaliyobaki ni ya haraka: chomeka chaji kwenye kila tundu la USB-C uone kama linachaji, bonyeza kila kitufe, fungua kamera, weka skrini nyeupe utafute madoa. Angalia kibodi ni ya wapi pia, za Ujerumani Y na Z zimebadilishana nafasi na utajikuta unaandika "yaidi" badala ya "zaidi" mpaka uzoee. Mimi hilo hata silioni ni tatizo kama bei imepungua, ila wewe unataipu bila kuangalia, utakereka. Risiti ya EFD dai, na waranti iandikwe juu yake muda wake na inahusu nini, sio ya mdomo.

Wakati ambao ningekwambia subiri upo, sikatai. Kama ungekuwa unaedit video za harusi ningesema subiri, jaza hela, tafuta Mac ya M1 kwenda juu. Na ukisikia mtu anakuuzia MacBook ya Intel kwa bei ya kutupa mkimbie, Apple walishasema macOS Tahoe ya 2025 ndo ya mwisho kwa hizo. Pia kama hiyo laki nane ungekuwa umeikopa kwa hawa kausha damu ningesema subiri hata mwaka. Lakini umesema ni hela ya mchezo wa kupeana zamu imekufikia, haina mwenyewe mwingine, na chuo kinaanza. Unasubiri nini tena?

Tufanye hivi. Mi Jumamosi nitakuwa Kariakoo kuna adapta za ofisini nafuata, nitapita kwa jamaa mmoja huwa hana maneno mengi, nikikuta T480 yenye GB 16 nitakupigia video kolu na hiyo ripoti ya betri uione mwenyewe kabla hujatuma hata senti. Kabla ya hapo nijibu kitu kimoja, kibodi ya Kijerumani unaikubali au niiache? Mzigo nitaupakia kwenye basi la usiku, namba ya dereva nitakutumia. Na wewe basi likirudi usilirudishe tupu, mama watoto anaulizia sato.