Uzi umo mkononi mwako

Langoni, Lamu

Sahibu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, na mama anakusalimu sana, ingawa bado ana kinyongo kwamba hukufika Maulidi. Kimya changu unisamehe. Hayo tutayazungumza tukionana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni picha. Juzi, tulipokuwa tukihamisha vyombo ili chumba cha mama kipakwe chokaa, nilikuta chini kabisa ya kasha lake picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyogandamana na kioo chake kwa unyevu na kuanza kung'aa kingoni kama fedha. Tumo wewe, mimi na mtoto wa tatu, uwanjani mbele ya Gereza, ile ngome yetu ya kale, vichwa vyote juu. Mlangoni amesimama askari jela, kwa hivyo ni kabla ya mwaka 1984, ngome ilipoacha kuwa jela.

Tunachokitazama hakimo. Tiara imebaki nje ya picha, umeonekana uzi tu, mwembamba kama unywele, na uzi huo, ndugu yangu, umo mkononi mwako! Miaka yote hii nimewahadithia wanangu kwamba aliyeirusha ni mimi, nawe hukunikanusha hata siku moja. Mimi pale nimeshika ndara zako.

Marehemu Ami Bakari hakuwa mtu wa kuchezea filamu, kwani mkanda mmoja ulimpa picha 12 tu, na wazee wetu walipigwa wakiwa wameketi kitako, pumzi wameibana. Sijui kilichompata hata akatupa sisi moja. Mkono wako umefifia kwa kuuvuta uzi, na yule wa tatu amekuwa ukungu mtupu, maana alikimbia kabla kamera haijafumba jicho. Aliyetoka wazi, hadi vifungo vya shati, ni mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi.

Rangi ndiyo iliyotugombanisha nyumbani. Mimi naapa tiara ilikuwa nyekundu. Mama anasema ilikuwa ya karatasi ya gazeti.

Nimeogopa kuibandua isije ikaacha sura zetu kiooni. Je, yule fundi wa picha wa mtaani kwenu Mombasa bado yupo, na ataiweza? Ami hakukupa nakala? Huyo aliyekimbia ni Famau au ni mdogo wako? Na ule uzi, ulikatika, au tiara uliishusha mwenyewe?

Nijibu upesi, wanangu sijawaonyesha bado.

Wako,
Shee